Siku Moja Matungu, Walikolala Wafalme wa Wanga

Mwulize mtoto wa mjini akutajie makao ya wafalme, naye bila kusitasita atakutajia kasri la Buckingham mjini London, na pengine ataongeza lile la Versailles nje ya Paris. Ameyaona katika runinga na kuyasoma vitabuni. Ikiwa baba yake ana uwezo, huenda hata amepigwa picha mbele ya malango yake. Lakini mwulize wafalme wa Wanga wamezikwa wapi, uone atakavyokukodolea macho.

Sina ugomvi na wanaosafiri Ulaya. Miji ile ya kale ina mengi ya kufundisha. Aila huamka asubuhi ikatembelea makaburi ya wafalme, adhuhuri ikala chakula cha wenyeji, na jioni ikarejea hotelini miguu ikiuma na vichwa vikiwa vimejaa. Hata hivyo, wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Siku kama hiyo inapatikana pia hapa nyumbani, bila pasipoti wala viza, katika sehemu ya Matungu, Kaunti ya Kakamega. Sisi tuliifunga safari hiyo Jumamosi moja ya likizo: mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka 14, mvulana wa miaka 11 na kitinda mimba wa miaka minane. Nayasimulia niliyoyaona ili nawe, msomaji, upate kuamua mwenyewe.

Chai ya Mumias

Tulilala mjini Kakamega, na alfajiri tukashika barabara ya kuelekea magharibi. Ardhi ya huko haina milima mirefu ya kumshangaza mgeni. Inapanda kidogo na kushuka kidogo, na kila upande ni mahindi, migomba na miwa. Saa mbili ya asubuhi tulikuwa tumefika Mumias, mji ulio jirani na Matungu, tukaingia katika hoteli ndogo kunywa chai. Chai yenyewe ilikuwa ya maziwa, nzito, imepikwa pamoja na sukari katika sufuria moja. Mandazi yalikuwa bado yana moto. Mwenye hoteli, mzee aliyevaa kofia ya kufumwa kwa mkono, alitukaribisha kwa Kiswahili kilichonyooka kiasi cha kumfanya mvulana wetu aniangalie kwa mshangao.

"Baba," akanong'ona, "mbona hapa kuna misikiti na watu wanavaa kama Mombasa? Si bahari iko mbali?"

Swali hilo ndilo mlango wa historia ya Mumias. Kabla ya mji huu kuitwa jina la mfalme, uliitwa Elureko, na ulikuwa makao makuu ya Nabongo. Nabongo ndicho cheo cha mfalme wa Wawanga, nao ufalme wenyewe uko katika ukoo wa Abashitsetse. Nabongo Shiundu ndiye aliyeipokea misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka pwani ikipitia Baringo. Wageni hao walileta nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Walichokitaka zaidi kilikuwa pembe za ndovu, na lazima tuseme bila kuficha kwamba baadhi yao walichukua pia watumwa. Walipata hapa unga, maharagwe na kuku wa kuwatosha kwa safari ya kwenda Buganda. Wengine hawakurudi tena pwani. Walioa, wakajenga, wakasali, na dini yao ikapata waumini hata katika nyumba ya kifalme.

Shiundu alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mwanawe Mumia akashika nafasi yake takriban mwaka wa 1882. Joseph Thomson, Mskoti aliyekuwa amevuka nchi ya Wamaasai, alifika hapa mwishoni mwa 1883. Katika kitabu chake aliuita mji huu Kwa-Sundu. Tazama jina hilo vizuri. "Kwa" ni Kiswahili. Yaani kabla hapajakuwa na shule, kanisa wala ofisi ya serikali, lugha hii unayoisoma gazetini leo ilikuwa tayari imefika ukingoni mwa Mto Nzoia, imebebwa kichwani pamoja na mizigo ya wapagazi.

Watoto walipoona wazazi wao wamekolea, waliagiza mandazi mengine, nami nikaendelea. Oktoba 1885, Askofu James Hannington alifika hapa akielekea Buganda. Sehemu kubwa ya msafara wake aliiacha kwa Mumia chini ya Kasisi William Jones, Mwafrika aliyekuwa amekombolewa utumwani, naye akaendelea mbele na watu wapatao 50. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alikaa akisubiri habari, na wachache walionusurika walipomletea, akawarudisha waliobaki hadi Rabai, karibu na Mombasa.

Kisa kilichowafurahisha zaidi ni cha barua. Mwaka wa 1889 Mwingereza Frederick Jackson alipiga kambi hapa, kisha akaenda kuwinda ndovu upande wa Mlima Elgon. Akiwa huko, mapema mwaka wa 1890, Mjerumani Carl Peters akafika Elureko, akazikuta barua za Jackson zilizotoka Buganda, akazifungua na kuzisoma! Alipojua kwamba Kabaka Mwanga alikuwa akiomba msaada, akakimbia kwenda kuwahi na akatia naye saini mkataba. Lakini mbio zake hazikumfaa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana nchi hizi, na Uganda ikaangukia upande wa Waingereza.

"Kusoma barua ya mtu ni utovu wa adabu," kitinda mimba akatoa hukumu yake, mdomo umejaa mandazi. Mzee wa hoteli akacheka hadi akashika meza.

Ng'ambo ya Nzoia

Kutoka Mumias tulivuka Mto Nzoia. Mto huu hutoka nyanda za juu, hupita Webuye na hatimaye humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai tuliyotoka kuinywa, kwani mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Baada ya daraja, mwendo si mrefu kufika Matungu.

Hapa ndipo palipo na kituo cha utamaduni kinachoitwa kwa cheo cha Nabongo, na hapa ndipo yalipo makaburi ya wafalme, mahali wenyeji wanapopaita Eshiembekho. Usitarajie kasri la mawe lenye minara. Msafiri aliyezoea picha za Ulaya anaweza kusimama akatafuta "kitu chenyewe" kiko wapi. Utukufu wa ufalme huu haukuwa katika kuta. Nyumba za Wawanga zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, na nyumba kama hizo hurudi ardhini pamoja na waliozijenga. Kilichobaki ni makaburi, vitu vichache vya kifalme na vya nyumbani, na masimulizi.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa makamo, mwenye sauti ya chini. Kabla ya kutuingiza alituomba tuzungumze kwa heshima, kwa kuwa hapa si mahali pa maonyesho pekee. Ni makaburi ya watu wenye jamaa walio hai. Mvulana wetu, ambaye kwa kawaida hawezi kutulia hata dakika tano, alivua kofia bila kuambiwa.

Tulisimama mbele ya kaburi la Mumia mwenyewe. Alifariki mwaka wa 1949, baada ya kuwa Nabongo kwa zaidi ya miaka 60. Binti yetu, anayependa hesabu, alikumbuka kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alitawala miaka 63, tangu 1837 hadi 1901. "Kumbe huyu wetu hakuachwa nyuma!" akasema. Ni kweli. Mtu mmoja aliwaona wapagazi wa pwani na bunduki zao za kupiga fataki, akaona serikali ya kikoloni ikiingia, akaona vita viwili vya dunia, na akaishi hadi miaka 14 kabla ya Kenya kupata uhuru.

Mwongozaji alitueleza jinsi Mumia alivyowapokea Waingereza kama marafiki. Mwaka wa 1895 C. W. Hobley alianzisha kazi yake ya utawala papa hapa Elureko. Siku hizo sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa ya Uganda, na ilibaki hivyo hadi 1902. Mwaka wa 1909 Waingereza wakamfanya Mumia kuwa Chifu Mkuu, na ndugu zake wakapewa uchifu katika sehemu ambazo hazikuwa za Wawanga. Mulama akaenda Marama na Murunga akaenda kwa Wabukusu.

Nilipotupa jicho kwa mama watoto, niliona amekaza midomo. Yeye ni Mbukusu wa Kimilili. Hakusema neno pale makaburini. Aliinamisha kichwa kama sisi wengine, akamshukuru mwongozaji, akatoka. Lakini nilijua kuwa maneno yako njiani.

Mvulana aliuliza swali lingine zuri: ikiwa Mumia alikuwa rafiki wa Waingereza, mbona makao makuu ya serikali hayakubaki kwake? Jibu ni reli. Mwezi wa Desemba 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu. Tangu hapo mtu wa kwenda Uganda hakuwa na haja ya kutembea miezi mitatu kwa miguu apitie Elureko kununua unga. Alipanda gari moshi hadi ziwani, kisha akapanda meli. Soko lililolishwa na misafara likakosa misafara. Mwaka wa 1920 ofisi ya utawala nayo ikahamishiwa Kakamega. Nabongo akabaki na cheo, lakini njia ilikuwa imempita kando. Miji mingi duniani imekutwa na hali hiyo. Njia ikihama, mji hubaki ukisimulia.

Kuku, mrenda na maneno mazito

Shangazi yangu ameolewa karibu na Matungu. Watoto humwita Kukhu, yaani nyanya, na tulikuwa tumempa habari mapema. Yeyote anayewajua Waluhya anajua maana yake: kuku mmoja hakuiona jioni ya siku hiyo.

Meza ilipoandaliwa tuliona mlo ambao hoteli ya mjini haiwezi kuuiga. Palikuwa na ugali wa wimbi uliochanganywa na mtama, wa rangi ya udongo, mgumu wa kushikika. Palikuwa na kuku wa kienyeji aliyechemshwa polepole juu ya kuni hadi mchuzi ukawa na mafuta ya manjano. Palikuwa na mrenda uliochanganywa na majani ya kunde, ukivutika kama uzi kila ulipochota. Shangazi aliwaeleza watoto siri ya mboga hizo. Huziungi kwa magadi ya dukani, bali kwa musherekha, maji ya chumvi yanayopatikana kwa kuchoma maganda makavu ya maharagwe na kupitisha maji katika majivu yake. Maji hayo hulainisha mboga na kuipa ladha ambayo ulimi hauisahau.

Watoto walijifunza pia siasa ya sahani. Firigisi, ambayo hapa huitwa imondo, kwa desturi ni ya mwenye nyumba au mgeni wa heshima, na ole wake mpishi anayeipoteza. Shangazi aliichukua, akaitazama meza nzima, kisha akaiweka katika sahani ya mama watoto.

"Kukhu, hiyo si ya Baba?" mvulana akalalamika.

"Baba yako ni mtoto wa hapa," shangazi akajibu. "Mgeni ni mama yako. Ametoka mbali, na leo ametembezwa kwenye makaburi ya watu waliopigana na babu zake. Mwacheni ale."

Kimya kikatanda. Mama watoto akacheka kidogo, akanawa mkono tena, na yale maneno niliyoyatarajia yakatoka, ila kwa upole kuliko nilivyodhani.

"Ni kweli, senge," akasema, akimwita shangazi kwa heshima ya kwetu. "Sisi kwetu historia hii husimuliwa kutoka upande mwingine." Akawageukia watoto. Akawaambia kwamba mwaka ule ule wa 1895, Hobley alipokuwa ameweka makao kwa Mumia, Wabukusu walikuwa wamepata bunduki kutoka kwa askari wa Kisudani waliotoroka kazi. Kikosi kilichotumwa kuzichukua kiliuawa. Ndipo Waingereza wakapeleka jeshi la Wasudani na Waganda, pamoja na Wamaasai na wapiganaji wa Wanga. Wabukusu walijikinga ndani ya ngome zao za kuta za udongo na mahandaki, kwanza Lumboka, kisha Chetambe karibu na Webuye. Walipigwa na bunduki za rashasha, wengi wakafa, na mifugo yao ikachukuliwa. "Na baada ya hayo yote," akamalizia, "tukaletewa ndugu ya Nabongo awe chifu wetu. Kwa hiyo nikisimama pale makaburini, nampa mzee heshima yake kwa sababu ni marehemu. Lakini siwezi kusahau."

Shangazi hakubisha. Alimega ugali, akauchovya katika mchuzi, akatafuna taratibu. Kisha akasema kwamba naye aliyasikia ya upande wake. Wawanga nao walikuwa wakishambuliwa na majirani. Hata kabla ya Mumia, Shiundu alikuwa amewatumia Wamaasai wa Uasin Gishu kumsaidia vitani. Aliyekuwa amezungukwa alimkaribisha yeyote mwenye silaha kubwa zaidi. "Aliukaribisha moto wa kuotea baridi," akasema, "ukaunguza nyumba ya jirani, na mwishowe ukaunguza na yake."

Hapo ndipo binti yetu akauliza lile swali ambalo hakuna kitabu cha shule kilichowahi kumwuliza yeye: "Sasa sisi ni wa upande gani?"

Niliweka chini tonge langu. Mama watoto alinitazama, nami nikamtazama. Ni rahisi kumwambia mtoto kwamba sote ni Wakenya, na ni kweli. Lakini mtoto wa miaka 14 hutambua upesi jibu la kumfunga mdomo. Aliyezikwa pale juu ni wa damu ya ukoo wa baba yake, na waliouawa Chetambe ni wa damu ya mama yake. Yeye yuko hai kwa sababu watu wa pande hizo mbili hatimaye walikubali kuoana, kupeana ng'ombe na kulana kuku.

Shangazi alimwongezea mchuzi. "Kula kwanza, mjukuu wangu," akasema. "Hilo ni swali la kuzeeka nalo. Mimi nina miaka sabini na zaidi na bado naulizwa."

Utamu ulioingia uchungu

Jioni tulirejea kwa njia ile ile, na watoto wakaomba tununue miwa ya kutafuna. Palikuwa na kijana kando ya barabara aliyeimenya na kuikata vipande kwa panga, haraka kuliko tulivyoweza kula. Tukiwa tunatafuna niliwaonyesha upande kilipo kiwanda cha sukari cha Mumias, kwa kuwa historia ya sehemu hii haikuishia kwa wafalme.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka wa 1971, na sukari ya kwanza ikatoka 1973. Kwa miaka mingi iliongoza nchini kwa kuzalisha sukari. Wakulima wadogo wa Matungu na kwingineko waliacha mahindi wakapanda miwa, na miwa ikasomesha watoto, ikajenga nyumba za mabati na kununua baiskeli. Kisha madeni yakaizidi. Wakulima walikaa muda mrefu bila malipo, wengine wakang'oa miwa waliyokuwa wakijivunia. Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, na mwishoni mwa 2021 ikatangazwa kuwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda ndiyo iliyopewa kuikodi. Kesi mahakamani zikafuata.

Ukiyaweka mambo haya pamoja na ya reli ya 1901, utaona jambo moja. Mara mbili sehemu hii ilitajirika kwa sababu ya kitu kimoja tu, kwanza misafara, kisha miwa, na mara mbili kitu hicho kilipoyumba watu wakayumba nacho. Mvulana wetu alilifupisha kwa lugha yake: "Ni kama kuweka mayai yote katika kikapu cha mtu mwingine." Sikuwa na la kuongeza.

Binti yetu alikaa kiti cha nyuma, akiandika katika daftari. Hakutuonyesha alichoandika. Niliona tu kwamba alikuwa amepiga mstari katikati ya ukurasa, na pande zote mbili zilikuwa zikijaa.

Nawe ukitaka kwenda

Msomaji mpendwa, huenda utauliza safari kama hii inafaa nini. Nitakujibu kwa ufupi.

Kwanza, inamwonyesha mtoto kwamba utawala, diplomasia na biashara ya mbali havikuletwa Afrika ndani ya sanduku la mkoloni. Thomson hakugundua Elureko. Alifika akakuta mfalme, soko na wageni wa Kiswahili waliotangulia.

Pili, na hili ndilo kubwa, makaburi ya wafalme wa mbali ni rahisi kuyatazama kwa sababu hayatudai kitu. Mtoto wa Kenya anaweza kusoma jinsi wafalme wa Uingereza na Ufaransa walivyouana, akafunga kitabu na kwenda kucheza. Makaburi ya nyumbani yanadai. Yanamwambia mtoto kwamba shujaa wa kijiji kimoja huenda ni msiba wa kijiji cha pili, na kwamba jirani mwenye kumbukumbu tofauti si lazima awe mwongo. Katika nchi ambayo kila uchaguzi huamsha uhasama wa makabila, mtoto aliyejifunza hilo mezani, mbele ya sahani ya kuku, amepata elimu ambayo mtihani hauipimi.

Ukiamua kwenda, lala Kakamega au Bungoma ili uanze asubuhi. Kunywa chai Mumias na uwaulize wazee habari za misafara kabla ya kuvuka mto. Ukifika Matungu, mchukue mwongozaji wa pale pale na umlipe inavyostahili, kwa kuwa masimulizi yake ndiyo hazina. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Usipite bila kula chakula cha wenyeji, na ukikaribishwa nyumbani usikatae kuku. Kukataa ni kumvunjia heshima mwenye nyumba.

Ikiwa siku inabaki, au ukipata likizo nyingine, nenda upande wa pili pia. Chetambe iko Webuye, si mbali. Anayetazama makaburi ya Matungu bila kupanda Chetambe ni sawa na aliyesikiliza mdai akaondoka mahakamani kabla mdaiwa hajasimama. Sisi tumeshaipanga safari hiyo kwa likizo ijayo, na mara hii mwongozaji atakuwa mama watoto.